Hoteli ya likizo ya theluji kwenye Alps: msianze na lifti, anzeni na yule asiyeteleza

MtangaBavaria (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila ikigonga Oktoba swali ni lile lile: "Tuko Ulaya, tunataka kuwapeleka watoto Alps wakateleze kwenye theluji, tuchukue hoteli gani?" Na wajuvi hujibu vile vile: iwe karibu na lifti (ile ya kuwapandisha watelezaji mlimani), nyota nne, iwe na sauna. Basi. Leo nataka kubishana na jibu hilo, maana nilishalifuata nikalipa kwa fedha yangu mwenyewe.

Msafara wetu ni watu watano. Mimi na watoto wawili tunateleza. Mke wangu ni Mchaga wa Marangu, amekua akiiona theluji ya Kibo kila kukicha lakini hajawahi kuikanyaga, na ameapa haanzi ukubwani kujifunga mbao miguuni. Wa tano ni mama yangu, bimkubwa, miaka 68, anayekuja Munich kutoka Tanga kwa viza ya miezi mitatu, na magoti ya umri huo mnayajua.

Safari ya kwanza ilikuwa mwisho wa Desemba 2022 kuingia Januari 2023. Bonde moja la Tirol, Austria, jina la hoteli nalihifadhi. Mita 200 tu hadi kituo cha gondola (lifti ya vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba), picha za kupendeza, chumba chenye mbao ukutani. Kijiji kiko kama mita 700 juu ya usawa wa bahari. Mnaokumbuka mwaka mpya ule mnajua ilivyokuwa: joto lilipanda Alps nzima, vituo vya chini vikabaki majani matupu, na katikati ya ukijani kuna utepe mmoja wa theluji ya mashine umelazwa mlimani kama kitambaa kilichoanikwa. Sisi watatu wala hatukuumia. Asubuhi tunapanda gondola, juu theluji ipo, tunateleza, tunarudi jioni mashavu mekundu.

Siku ya tatu bimkubwa akaniuliza: "Mwanangu, huku jua halichomozi?"

Nikacheka. Halafu nikatazama. Kweli, halichomozi. Miteremko mingi mizuri ya Alps inaangalia kaskazini ili theluji isiyeyuke upesi, kwa hiyo hoteli iliyogandamana na lifti mara nyingi imekaa kwenye kivuli cha mlima wenyewe. Desemba na Januari jua linapita chini chini upande wa pili wa kilele, wewe unaona tu ukingo wa mlima unang'aa dhahabu, na bonde limekaa bluu kutwa nzima. Anayeteleza hajui hilo kabisa, maana yeye mchana yuko juu ya kivuli.

Siku hiyo nilirudi mapema kwa sababu mdogo alipoteza glovu. Nimefungua mlango wa chumba, bimkubwa kaketi ameegemea kifaa cha kupasha joto, khanga juu ya koti, anakata ndizi kwa kisu cha siagi alichochukua mezani asubuhi. Saa saba mchana. Dirisha lake linatazama maegesho ya magari, watu wanapita na viatu vya skii, kwa, kwa, kwa. Akaniambia, "Nimeshahesabu magari mekundu, yapo kumi na moja."

Na ndizi ilikuwa ndiyo chakula chake cha mchana. Hapa ndipo nilipojifunza maana ya *Halbpension*. Ni kifungua kinywa na chakula cha jioni. Mchana jiko limefungwa, kwa kuwa hoteli inahesabu kwamba wewe uko mlimani unakula kwenye kibanda cha huko juu. Mgahawa mmoja wa kijiji ulikuwa na *Ruhetag*, siku ya mapumziko. Duka la vyakula liko kilomita moja na nusu, barabara haina njia ya miguu, pembeni ni barafu. Mke wangu alikwenda mara moja, akarudi amenuna hadi jioni. Na alikuwa na haki.

Kwa hiyo sasa hivi nikitafuta hoteli, natafuta kinyumenyume. Mwenye kuteleza shida zake zote zina dawa ya fedha. Hoteli iko mbali na lifti? Karibu kila kituo kikubwa kina maduka ya kukodisha vifaa yenye kabati pale pale chini ya lifti, unaacha mbao na viatu kwa euro chache kwa siku, unarudi hotelini na raba zako kama binadamu. Kuna *Skibus*, na vijiji vingi vya Tirol humpa mgeni kadi ya kupanda basi bure (ndiyo mnalipia ile kodi ya wageni, *Kurtaxe* au *Ortstaxe*, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei mliyoona mtandaoni, inadaiwa mapokezi siku ya kuondoka, kwa kichwa kwa usiku, msije mkagombana na mhudumu). Lakini asiyeteleza ukimweka penye kivuli, pasipo njia ya kutembea wala pa kula, hakuna duka linalomkodisha jua.

Safari ya pili, Januari 2025, nikachukua Seefeld. Hapo ni Tirol vile vile, ila mji umekaa kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,200, umefunguka, jua linaingia. Reli ipo tangu 1912, na kutoka Munich unapita Garmisch na Mittenwald, unashuka stesheni, na katikati ya mji ni hatua chache. Katikati hapo magari hayapiti, kuna maduka, kanisa, migahawa, farasi wanaovuta mikokoteni ya theluji. Njia za kutembea zinasafishwa na kushindiliwa makusudi kwa watembea kwa miguu. Wajuvi wa skii huidharau Seefeld kwa kuwa miteremko yake si mirefu wala mikali. Ni kweli. Kwa mtoto wa miaka minane na kwa baba yake anayeanguka kama gunia la mkaa, inatosha na kubaki.

Bimkubwa alinunuliwa vile vya mpira vyenye meno ya chuma, vya kuvalisha juu ya kiatu asiteleze kwenye barafu. Siku ya pili alishatoka peke yake. Siku ya nne nikamkuta kibarazani kwa mgahawa, miwani ya jua usoni, blanketi la ngozi ya kondoo mapajani, anakunywa chokoleti ya moto na bibi mmoja wa Kijerumani. Hawana lugha hata moja ya pamoja. Walikuwa wanaoneshana picha za wajukuu.

Ninavyoviuliza sasa kabla ya kulipa, kwa barua pepe, na hoteli za Austria hujibu vizuri tu: Januari jua linafika kijijini saa ngapi na linaondoka saa ngapi? Kuna *Winterwanderweg*, njia ya kutembea wakati wa baridi, inayosafishwa kuanzia mlangoni? Mna *Dreiviertelpension*? Hii ni ile yenye vitafunio vya alasiri, supu, keki, mkate na vya kuwekea, na kwa asiyeteleza ndiyo mwokozi. Ukiona hoteli imeandikwa *Garni* ujue ni kifungua kinywa tu, jioni mtajitegemea. Na je, lifti ya kwenda juu inapokea watembea kwa miguu? Gondola na treni za kamba kwa kawaida zinapokea na kuna tiketi yao ya bei ndogo. Lifti za viti nyingi hazimchukui asiye na mbao. Mahali penye lifti za viti peke yake, mkeo na mama yako huenda wasiione Alps kutokea juu hata siku moja, na mmelipa maelfu.

Kuchagua wiki ya kwenda nako ni sehemu ya kuchagua hoteli. Baada ya tarehe 6 Januari, sikukuu ya Mamajusi, watu wanarudi kazini na bei zinaporomoka hadi karibu mwisho wa mwezi. Februari ni likizo za shule za nchi nyingi zimepandana, vyumba havishikiki. Kama watoto wako bado hawajaanza shule, ni ujinga kwenda Februari, nasema kwa upendo.

Naomba kuwasilisha.

---

Kidagaa_wa_Geneva

Mkuu uzi mzuri ila nakupinga. Unatoa maelfu ya euro, siku sita, halafu mpango mzima unazungushwa kwa mtu asiyefanya kile mlichokiendea? Sisi tulikwenda Val Thorens, Ufaransa, mita 2,300, hakuna kituo kilicho juu zaidi Ulaya. Unafungua mlango, unavaa mbao, umeshaanza. Jioni unateleza hadi mlangoni. Theluji ya uhakika, wala hadithi za majani mabichi hazipo. Na ukiungana na Les 3 Vallées, yaani vituo vya mabonde ya jirani vilivyounganishwa, una kilomita 600 za njia. Huo ndio utelezaji.

MtangaBavaria

Kidagaa sikukatalii. Mkiwa watano na wote mnateleza, nendeni Val Thorens mkafurahi, au Obergurgl kwa Austria, ni kama mita 1,900, theluji haina wasiwasi. Lakini nijibu: asiyeteleza anafanya nini Val Thorens? Miti haioti urefu ule. Ni majengo, theluji na upepo. Na siku ya upepo mkali lifti zinafungwa, hata ninyi mnabaki ndani mnaangaliana.

NesiZurich

Naongezea hapo kwa mita 2,300. Kulala juu namna hiyo usiku wa kwanza na wa pili watu wengi wanaumwa kichwa na usingizi hauji, hata vijana. Mzee mwenye presha au moyo amuone daktari wake kwanza, msimpandishe kutoka usawa wa bahari Tanga hadi huko kwa siku mbili mkasema ni mapumziko. Mita 1,000 hadi 1,500 za kulala zinatosha, mchana apande juu kwa gondola, ashuke.

Kwa Uswisi mimi wageni wangu wasioteleza nawapeleka Wengen. Haina magari, iko kwenye kibaraza cha mlima kinachopata jua, mnapanda kwa treni kutoka Lauterbrunnen. Treni hiyo hiyo inaendelea hadi Kleine Scheidegg, mita 2,061, kwa hiyo wanaoteleza na wasioteleza wanakutana huko juu kula mchana pamoja. Hilo la kula pamoja mchana watu hawalifikirii, ila ndilo linalofanya iwe likizo ya familia. Bei za Uswisi lakini, jikazeni.

MtangaBavaria

Nesi umenikumbusha. Kwa Austria yenye watoto kuna Serfaus. Kijiji cha mita 1,427, magari yamezuiwa, na kina treni yake ya chini ya ardhi tangu 1985! Kijiji, si jiji. Inatoka maegesho hadi kwenye lifti, bure. Wanangu hawakutaka kuteleza siku ya kwanza, walitaka kupanda ile treni tu, kwenda na kurudi.

RiftRunner_254

Hii uzi ni moto manze. Lakini mmesahau skii za tambarare, zile za kusukuma kama unatembea. Seefeld hiyo mnayosema ndiko mashindano ya aina hiyo ya Olimpiki za Innsbruck yalifanyiwa, 1964 na 1976, na mashindano ya dunia yakarudi pale 2019. Sisi Wakenya hiyo ndiyo yetu! Philip Boit, mkimbiaji wa kwetu Eldoret, Olimpiki ya Nagano 1998, kilomita 10, akamaliza wa mwisho, namba 92. Bjørn Dæhlie wa Norwe, mwenye dhahabu, akamngoja pale mstarini amkumbatie. Boit akaenda nyumbani akamwita mtoto wake Daehlie. Sasa mwambie shemeji wa Marangu ajaribu hizo, hakuna mteremko wa kutisha na viatu ni laini.

MtangaBavaria

RiftRunner, nimemsomea. Amesema kama Mkalenjin alikuwa wa 92, Mchaga abaki na chokoleti yake.

RiftRunner_254

Hahaha! Mwambie pia kuna Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, amekulia Austria, ameteremka ile ya mlimani kabisa kwa bendera ya Kenya PyeongChang 2018. Pwani wanaweza.

BintMuscat

Assalaam alaykum. Sisi tumekwenda kutoka Oman, Zell am See, Austria. Wanangu walijifunzia Dubai, ile theluji ya ndani ya Mall of the Emirates, mteremko mrefu kabisa ni mita 400. Walikuja Alps wakidhani wanajua. Mita 400 za Dubai ukimaliza unasimama, unakunywa maji. Huku ukimaliza mita 400 ndiyo kwanza umetoka mlangoni, na mapaja yanawaka.

Zell am See wageni wa Ghuba wamewazoea sana, hasa kiangazi, kwa hiyo chakula cha halali mjini si tabu kukipata. Tabu iko kwenye hiyo *Halbpension*. Umeshalipia chakula cha jioni siku saba, na mlo mkuu ni nguruwe au nyama usiyojua ilichinjwaje. Msiseme "hatuli nguruwe" siku ya kufika, mtapewa omleti siku saba. Andikeni wiki mbili kabla, mwombe samaki na mboga, na mwulize kama mchuzi una divai. Sisi mpishi alitutengenezea samaki wa ziwani kila jioni ya pili, Mungu ambariki. Au chukueni fleti yenye jiko, mkapika wali wenu.

Asiyeteleza pale ana ziwa, ana mji wa kweli wenye stesheni, na Kaprun jirani anapanda kwa gondola hadi Kitzsteinhorn, kibaraza cha juu ni zaidi ya mita 3,000. Mama mkwe alipanda na buibui lake, koti juu.

Jiruka_Leeds

Naomba kuuliza jambo la aibu kidogo. Hiyo sauna mnayoitaja kila mara. Ni kweli nilivyosikia?

MtangaBavaria

Ni kweli. Austria na Ujerumani sauna ya hoteli kwa kawaida watu wanaingia bila nguo, wanaume kwa wanawake, na ukiingia na kaptula wewe ndiye unayeonekana huna adabu. Mimi sikuambiwa. Nilifungua mlango, nikasema "samahani", nikafunga mlango, nikapanda ngazi bila kugeuka. Bimkubwa akaniuliza mbona umerudi haraka, nikamwambia imejaa.

Tafuteni hoteli iliyoandika *Textilsauna*, yaani sauna ya kuingia na nguo, au yenye saa za wanawake peke yao, *Damensauna*. Bwawa la kuogelea halina neno, kule nguo za kuogelea zinavaliwa.

MgeniNjiani_Dar

Wakuu mimi niko Dar, nataka kuja Januari na mke wangu na mama mkwe. Nilikuwa nimeshashika hoteli moja ya mita 150 kutoka kwenye lifti, sasa mmenivuruga. Viza inakuwaje na hoteli? Nilipe kwanza?

MtangaBavaria

Usilipe kitu kisichorudishwa kabla ya viza, mkuu. Chukua chumba chenye ruhusa ya kughairi bure, uthibitisho wake ndio unaambatanisha. Maombi ya viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, lakini usisubiri huko mwisho, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na unaomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi.

Bima ndiyo wengi wanateleza hapo. Viza inadai bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Bima hiyo ya bei nafuu nyingi haigusi michezo ya theluji. Ukivunjika mguu mlimani Austria helikopta ikaja, ankara inakuja kwako, na ni maelfu. Ongeza kipengele cha michezo ya majira ya baridi kwa wanaoteleza. Italia ndiyo kabisa, tangu 2022 hauruhusiwi kuteleza bila bima ya kumlipa utakayemgonga. Mama mkwe wa kutembea tu hiyo ya kawaida inamtosha. Na hata ndani ya Schengen tembea na pasipoti, kwenye treni za mpaka wa Ujerumani na Austria polisi wanapita.

Kidagaa_wa_Geneva

MgeniNjiani, kama wewe na mkeo hamjawahi kuteleza, mita 150 za lifti hazikusaidii hata hivyo. Wanagenzi siku tatu za mwanzo mko kwenye mkanda ule wa kuwavuta watoto, na huo unaweza kuwa upande mwingine wa kijiji. Uliza shule ya skii inakutania wapi. Hapo nakubaliana na Mtanga, hapo tu.

MgeniNjiani_Dar

Nimerudi. Nimewaandikia ile hoteli ya mita 150 maswali ya Mtanga yote. Wamejibu siku ya pili, wakweli kabisa: "Mpendwa mgeni, tarehe hizo jua haliifikii hoteli yetu. Upande wa kanisani linafika kama saa nne na dakika arobaini asubuhi hadi saa nane na robo." Shule ya skii pia inakutania kanisani. Mchana jiko linafungwa.

Nimeghairi. Nimechukua ya upande wa kanisani, haina hata bwawa, ya mama mmoja na binti yake, supu mchana ipo. Mama mkwe nimemweleza kuhusu jua la saa tatu na nusu kwa siku, akasema kwa hiyo aje na khanga ngapi.

MtangaBavaria

Mwambie tano. Na kisu chake cha ndizi, kwa tahadhari. Ila akiweke kwenye begi la kupakiwa, asiingie nacho ndani ya ndege.